Vanila Iliyolala na Kuku

Kwa wiki tatu nilivuta chakula cha vifaranga kifuani mwangu na kukiita vanila. Sikuvuta chakula chenyewe bali harufu yake, ambayo ilikuwa imeingia katika kimiminika nilichokuwa nikikichanganya mwenyewe jikoni kwa ajili ya sigara yangu ya mvuke. Nililaumu duka, nikalaumu pamba, nikalaumu maji ya Ruiru, na siku moja nililaumu hali ya hewa. Vifaranga sikuwalaumu hata mara moja, ingawa mimi ndiye niliyeweka chupa kando yao kwa mikono yangu.

Nieleze kwa utaratibu, maana utaratibu ndio kazi yangu. Mimi hukagua magari yaliyogongwa kwa niaba ya kampuni za bima. Huuliza nani alikuwa wapi, nani aliona nini kwanza, breki zilishikwa wapi, kisha naandika. Madereva wengi hunidanganya, na kwa miaka mingi nimejisifu kwamba namtambua mwongo kabla hajamaliza kunisalimia. Ndiyo maana yanayofuata yananiuma kidogo kuyasimulia.

Mke wangu ana pumu. Mimi nilivuta sigara kwa miaka kumi na tisa. Mambo haya mawili yaliishi pamoja katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, Ruiru, kwa sababu nilikuwa nikivutia kwenye kibaraza na kufunga mlango nyuma yangu, nikiamini kwamba moshi una adabu ya kubaki nje. Msimu wa baridi ulipofika, yeye akaanza kuamka akivuta pumzi kama mtu anayepandisha mtungi wa maji ngazini. Asubuhi moja nilimkuta sebuleni amevaa koti na begi limefungwa.

"Naenda kwa dada yangu Kiganjo," alisema.

"Kwa siku ngapi?"

"Sijahesabu. Nitarudi nyumba ikinuka kama nyumba."

Nilitafuta la kusema, na katika mambo yote yaliyokuwa mbele yangu, nikachagua hili: "Na vifaranga?"

Alikuwa na vifaranga sitini wa siku nne, ndani ya bruda aliyoitengeneza mwenyewe katika stoo ndogo iliyo kando ya jiko: boksi pana la mbao, maranda chini, taa nyekundu ya joto juu.

"Vifaranga hawavuti sigara," akaniambia. "Mtaelewana. Maji asubuhi na jioni, chakula kisiishe, na hiyo taa isizime. Ikizima, usinipigie mimi simu, piga simu Thika kwa waliotuuzia uwaambie umeua watoto wao."

Akaenda. Kiganjo si mbali. Ni Thika tu, nusu saa barabara ikiwa nzuri. Lakini mtu akihamia kwa dada yake, umbali haupimwi kwa kilomita. Shemeji yangu hakuwahi kunipenda sana, na sasa alikuwa na ushahidi.

Kwa hiyo niliamua kuacha sigara, na kwa kuwa sikuwa na imani na nguvu zangu, niliamua kuziacha kwa kupitia sigara ya mvuke. Zile ladha zilizouzwa tayari zilikuwa na utamu wa peremende za watoto, na baada ya siku mbili nilihisi kama nimelamba kichezeo. Nikasoma mtandaoni kwamba watu huchanganya wenyewe: gliserini, kimiminika kingine chembamba, nikotini iliyopimwa tayari, na ladha. Ladha sikuhitaji kuifikiria. Mke wangu, kila tukipita kwenye duka fulani la keki mjini Thika, husimama mlangoni bila kununua kitu, anavuta hewa, kisha anaendelea na safari. Ni vanila. Katika miaka yote tuliyokaa pamoja, hiyo ndiyo harufu pekee niliyoona ikimsimamisha. Niliwaza: nyumba ikinuka hivyo, atarudi.

Niseme pia jinsi mambo yalivyokuwa. Chupa ikiwa nzuri, sikugusa sigara. Chupa ikiharibika, nilishuka ngazi hadi kwenye kioski na kurudi na sigara mbili. Na kila jioni mke wangu alipiga simu na kuuliza, "Umevuta?" Sikuweza kumdanganya, kwa sababu alikuwa haulizi ili asikie jibu, alikuwa akisikiliza ninavyopumua.

Chupa ya kwanza niliitengeneza kwa vanila ya kuokea, ile nyeusi ya dukani ambayo kila jiko linayo. Haikunijia kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, mimi ambaye husoma hata maandishi ya nyuma ya leseni. Ilikuwa na sukari iliyounguzwa kwa ajili ya rangi. Ilipofika kwenye koili, ule waya wa moto ndani ya kifaa, ikaungua mara ya pili, na mdomo wangu ukanuka sufuria iliyosahauliwa. Sigara mbili.

Chupa ya pili nilitumia vanila halisi ya kazi hiyo, niliyoletewa kutoka Nairobi, lakini gliserini niliichukua kwenye rafu ya mafuta ya kujipaka. Ilikuwa imetiwa manukato ya waridi. Nilivuta mara moja nikajihisi nimekaa katikati ya shangazi zangu wote kwenye harusi. Sigara mbili.

Ya tatu nilinunua kila kitu sawasawa, kwa duka la dawa na kwa muuzaji yule wa Nairobi, na hapa ndipo nilipokosea kikweli. Waliotangulia katika ufundi huu wanasema vanila haivutwi siku ile ile. Ikiwa changa ina ukali kama pilipili na spiriti. Inatakiwa ikae wiki kadhaa gizani, ikomae, igeuke rangi iwe kama chai ya rangi, na wengine huifungua ipumue. Niliposoma neno kukomaa, akili yangu ilirudi nyumbani kwa nyanya yangu. Kwetu, kitu kinachotakiwa kukomaa hupewa joto. Muratina, pombe yetu ya asali, ilikaa kando ya moto, imefunikwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuisogeza. Uji wa kuchacha ulikaa nyuma ya mafiga. Hata ndizi mbichi zilifukiwa mahali pa joto. Sikuwahi kumwona nyanya akikomaza kitu kabatini.

Nikazunguka nyumba nzima nikitafuta joto. Ilikuwa Julai; Ruiru ina baridi inayopita chini ya mlango na kukaa kwenye kiti. Mahali pamoja tu palikuwa na joto mchana na usiku, gizani isipokuwa ile taa nyekundu, na palikuwa na mtu wa kupaangalia mara mbili kwa siku, yaani mimi. Nikapigilia rafu ndogo ndani ya bruda, juu kidogo ya vichwa vya vifaranga, nikapanga chupa sita za kioo midomo wazi, nikazifunika kwa kitambaa chepesi cha pamba. Nilirudi nyuma nikatazama. Nakumbuka nilijipongeza. Vifaranga na vanila, joto moja, umeme mmoja.

Baada ya wiki mbili rangi ilikuwa nzuri ajabu. Nikajaza kifaa, nikavuta. Vanila ilikuwepo, ndiyo, mbele kabisa, kama mtu anayekuja kukupokea mlangoni. Nyuma yake kulikuwa na kitu. Nikachukua daftari langu la ajali, nikageuza upande wa nyuma, nikaandika: *Kadibodi iliyolowa.* Siku iliyofuata: *Kadibodi, halafu vumbi la unga.* Siku ya tatu: *Kitu cha ziwani?* Nikakiwekea alama ya kuuliza kwa sababu niliona haiwezekani.

Nilifanya uchunguzi. Nilibadilisha pamba inayofyonza kimiminika ndani ya kifaa. Nilibadilisha koili. Nilichemsha chupa mpya, nikazikausha juani, nikazirudisha palepale kwenye rafu ya bruda. Nilimpigia muuzaji wa Nairobi nikamhoji kama dereva wa lori: aliihifadhi wapi, kwa muda gani, nani mwingine alikuwa na funguo za stoo. Aliniambia, kwa upole ambao sikustahili, kwamba ametumia vanila ileile yeye mwenyewe na haina shida. Nikaandika katika daftari: *Shahidi anajitetea.*

"Leo ina ladha gani?" mke wangu aliuliza kwenye simu.

"Kadibodi."

"Kadibodi aje?"

"Iliyolowa. Na leo kuna kitu kama dagaa, omena hasa, lakini kwa mbali."

Nilimsikia akicheka hadi akaanza kukohoa, na nyuma yake dada yake akiuliza kuna nini. "Aki wewe!" akasema alipopata pumzi. "Watu wengine wanaacha sigara, wewe unaandika ripoti. Umevuta?"

"Mbili."

"Haya. Kuku wako aje?"

"Wamenenepa."

"Angalau kuna mtu anaendelea vizuri kwa hiyo nyumba."

Ulikuwa mwezi wa pili wa yeye kukaa Kiganjo. Alikuwa ameanza kusema "hapa kwetu" akimaanisha kule, na alipokuja siku moja kuchukua sweta, hakuingia hadi chumbani. Alisimama mlangoni nami nikamletea, kama mhudumu.

Ukweli uliletwa na mzee mmoja jirani yetu, ambaye alikuja kwa shughuli nyingine kabisa. Mke wangu alikuwa amemwahidi vifaranga kumi na wawili, na siku ya Jumamosi mchana akabisha hodi akiwa na kikapu. Mzee huyu alikuwa mwonjaji wa kahawa. Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuonja kahawa za mashamba ya huku kwetu kabla hazijauzwa, na kusema kila gunia lina kasoro gani. Sasa amestaafu, na watu wa mtaa huogopa kidogo kumkaribisha chai, kwa sababu huinywa kwa sauti halafu hunyamaza.

Aliingia hatua mbili akasimama. Pua yake ikainuka.

"Kijana," aliniambia. Nina miaka arobaini na minne. "Nani anawapikia kuku keki?"

"Ni hii, mzee," nikamwonyesha kifaa changu. "Vanila. Lakini ina kasoro nisiyojua chanzo chake."

Lile neno kasoro lilimfanya aweke kikapu chini. Akavuta kiti. "Lete glasi tatu zinazofanana. Maji ya vuguvugu, sukari kidogo. Na kijiko. Na ndoo."

"Ndoo?"

"Unataka nimeze?"

Nilimletea. Nilimweleza kwamba nikotini ni sumu na haiwekwi mdomoni, na kwa bahati nilikuwa na chupa moja ya rafu ambayo sikuwa nimeitia nikotini. Akasema vizuri, basi tone la hiyo liingie glasi moja. Glasi nyingine tone la mchanganyiko mpya wa leo, bila nikotini pia. Na ya tatu tone la ladha yenyewe kutoka kwa muuzaji. Akageuka ukutani. "Zipange unavyotaka. Usiniambie. Na usikae mbele yangu, uso wako unaongea."

Aliporudi mezani alichovya kijiko akavuta maji kwa midomo kwa kishindo, kama mtu anayechana shuka. Akayazungusha, akatema ndooni. Glasi ya kwanza: "Safi. Kali, changa, lakini safi." Glasi ya pili akavuta, akasimama na maji mdomoni, akanitazama kwa macho ya huruma, akatema, akavuta tena kuhakikisha. Akaiweka kando. Glasi ya tatu: "Safi." Kisha akarudi kwa ile ya pili na kuigusa kwa kijiko.

"Hii imelala na kuku."

"Mzee?"

"Imelala na kuku. Mahindi yaliyosagwa, soya, na omena ya chakula chao. Na maranda yaliyolowa. Iliwekwa wapi?"

Nilimpeleka stoo. Alitazama bruda, akatazama rafu yangu, chupa zikiwa zimejipanga kama wanakwaya chini ya kitambaa chao cheupe, na chini yake vifaranga wakirusha vumbi la chakula kwa miguu.

"Haiya," alisema polepole. "Ngai."

"Nimezifunika," nikasema. Nilisikia sauti ya kila dereva niliyewahi kumhoji ikitoka kinywani mwangu. "Kile ni kitambaa kizuri cha pamba."

"Kitambaa ni cha kuzuia nzi. Harufu si nzi." Akaketi kwenye gunia la chakula cha kuku. "Siku moja walituletea kahawa nzuri sana, ya mlimani, imekaa stoo moja na vitunguu wiki moja tu. Mwenye shamba alilaani mashine, alilaani mvua, alilaani vibarua. Kahawa haijui kujizuia, kijana. Inavuta kila kilicho karibu. Hii yako ni nzito kama asali, itavuta zaidi. Wewe ulilaani nini?"

"Muuzaji," nikasema. "Na pamba. Na maji."

"Na kuku?"

"Hapana."

Alicheka kwa muda mrefu kuliko nilivyoona ni lazima, kisha akachagua vifaranga wake kumi na wawili, na akakataa chai.

Nilimpigia muuzaji wa Nairobi kumwomba radhi. Aliniuliza tatizo lilikuwa nini, nikamwambia ni mambo ya uhifadhi. Nilimwaga chupa zote sita. Vifaranga walikuwa wamekua vya kutosha kuondoka. Mke wangu aliwagawa kwa wateja wake kwa simu, mimi nikisimamia mlangoni. Nikaosha stoo kwa sabuni, nikatupa maranda, nikachanganya chupa mpya, nikaziba, nikaiweka kabatini gizani, mahali ambapo nyanya yangu asingeweka kitu. Wiki tatu. Ilipokuwa tayari ilikuwa vanila mbele, vanila katikati, na vanila nyuma. Siku kumi na nne nilipita kwenye kioski na kununua mkate tu. Mwenye kioski aliniuliza kama nilikuwa mgonjwa.

"Umevuta?" mke wangu aliuliza.

"Hapana."

Alisikiliza kwa muda. "Ni kweli," akasema, kama mtu aliyepata noti ndani ya koti la zamani. Ijumaa akaja na begi.

Aliingia, akasimama katikati ya sebule, akavuta hewa. Nilisubiri uso ule wa mlangoni mwa duka la keki. Ulikuja, nusu, kisha ukabadilika.

"Nani alikuwa anaoka hapa?"

"Hakuna."

"Hatuna oveni. Harufu ya keki imetoka wapi? Nimeenda miezi mitatu, mwanamke gani amekuja na keki kwa hii nyumba?"

Ilibidi nimpulizie mvuke mbele yake ili anisadiki. Akacheka hadi akakaa. Usiku ule alilala vizuri, na usiku uliofuata pia. Tulikaa sebuleni mimi na kifaa changu na yeye na inhela yake ya pumu mezani, zikiwa karibu sawa kwa umbo, na akasema tukizichanganya mmoja wetu atakufa na mwingine atanuka vizuri.

Asubuhi ya tatu alitumia inhela kabla ya chai. Ya nne, mara mbili. Nilisimama mlangoni mwa chumba nikiwa na kikombe mkononi, nikisikia ule mlio kifuani mwake niliodhani nilikuwa nimeufukuza.

"Labda ni baridi," nikasema. "Au vumbi la kuku, limebaki kwenye makochi. Au ile barabara wanayochimba..."

"Lete hilo daftari," akasema.

Nikalileta. Alisoma kurasa za nyuma zote, kadibodi, vumbi la unga, ziwani na alama yake ya kuuliza, shahidi anajitetea. Alitabasamu mahali pawili. Kisha akaligeuza na kulitikisa kidogo, kana kwamba kuna karatasi ingedondoka.

"Umeandika ladha kurasa kumi na moja," akasema. "Kifua changu umekiandika ukurasa gani?"

Hakukuwa na ukurasa. Nilikuwa nimemhoji muuzaji kuhusu stoo yake, funguo zake, na tarehe zake, na sikuwa nimemuuliza kama vanila yake inafaa kupumuliwa na mtu aliye kwenye kiti cha pili. Nilipompigia safari hii, alisema chupa imeandikwa ni salama kwa chakula. Nikauliza, na kwa kifua? Akasema kwa kifua haijaandikwa chochote. Daktari wa zahanati tuliyokwenda Thika alisema jambo hilohilo kwa maneno marefu zaidi: kilichopimwa kwa ajili ya tumbo hakijapimwa kwa ajili ya mapafu, na kwa mwenye pumu yeye hawezi kuapa kwa upande wowote. Inaweza kuwa mvuke. Inaweza kuwa manyoya na vumbi lililobaki. Inaweza kuwa baridi iliyobaki, ambayo hata sisi tusio na pumu inatukohoza. Alitushauri tuondoe kitu kimoja kwa wakati mmoja, tuandike. Mke wangu alinitazama aliposikia neno tuandike.

Tulikubaliana hivi. Yeye alirudi Kiganjo wiki moja. Mimi nilitoa makochi nje na kuyapiga kwa fimbo, nikafua mapazia, na nikaacha mvuke kabisa, ndani na nje, bila sigara ya kunishika mkono. Jambo hili la mwisho silisimulii, isipokuwa niseme kwamba nilimkagulia mtu gari lake na yeye ndiye aliyeniuliza kama niko sawa. Niligundua baadaye kwamba nilikuwa nimekosea utaratibu tena: nilikuwa nimeondoa vumbi na mvuke kwa pamoja, kwa hiyo hata akipona hatutajua ni kipi. Nilipomwambia alisema, "Kukagua ajali unajua, ajali yako ndio huoni."

Alikuja jana. Leo ni siku yangu ya tisa bila kuvuta kitu chochote, na nyumba hainuki sigara, wala kuku, wala keki. Asubuhi alitumia inhela mara moja. Nimeandika tarehe, saa, na idadi, katika ukurasa wa mbele wa daftari. Daktari alisema mara moja inaweza kuwa mwanzo wa kupona na inaweza kuwa asubuhi ya kawaida. Begi lake liko chumbani, na hajalifungua.